Mbuzi wa Kukataa

Jumamosi ndiyo siku tuliyopewa, na ilikuwa ya mwisho. Tulishaahirisha mara mbili. Mara ya kwanza tulisema mume wangu, Mzee Ndambuki, ni mgonjwa, na kweli alikuwa mgonjwa, lakini yeye huwa mgonjwa kila siku. Mara ya pili tulisema tunangoja mvua ili mbuzi apate nyama kidogo mwilini. Hapo Bartholomew, baba mdogo wa mkwe wetu na msemaji wa ukoo wao, akatuma neno kutoka Wamunyu: "Mvua si ya ukoo wetu. Jumamosi tunakuja. Tusipopata mbuzi, tunarudi na mke wetu."

Huyo mke ni Mutanu, kitinda mimba wangu.

Alikuwa amerudi nyumbani mwezi wa sita, asubuhi, na kikapu kimoja kichwani na viatu mkononi. Sikumuuliza kitu. Nilimwekea muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, uliokuwa umebaki, nikaona anatafuna kwa upande mmoja tu. Mumewe, Mwanzia, ni mchonga vinyago, na mikono yake ina nguvu. Kwa miaka minne Mutanu alikuwa akitutembelea na maneno yake tayari: ameteleza, amegongwa na mlango, punda amempiga teke. Safari hii hakuleta maneno. Alimaliza kula akasema, "Mwaitu, sirudi."

Mwaitu ni mama. Nikamwambia sawa.

Lakini kwetu Ukambani kusema "sirudi" hakumalizi ndoa. Lazima wazazi wa msichana warudishe mbuzi mmoja, anaitwa mbuzi wa kukataa. Yale mengine yaliyotolewa, ng'ombe na asali na mablanketi, mnaweza kuyajadili hata miaka kumi. Mbuzi huyo akipokelewa, ndoa imeisha siku hiyo hiyo. Katika ukoo wetu ni lazima awe amezaliwa katika zizi la baba wa msichana, asiwe wa kununua wala wa kuomba kwa jirani. Lazima awe hai. Na hapokelewi kwa mdomo. Anayerudisha anaweka kamba katika mkono wa anayepokea, na huyo akiishika, basi.

Mbuzi tuliyekuwa naye alikuwa mmoja. Mwaka ulikuwa elfu mbili. Miaka miwili nyuma yake mvua ya El Nino ilitupiga mpaka tukadhani hatutalilia maji tena maishani, halafu mbingu zikafunga. Mvua ya Novemba ilinyesha siku nne. Ya Aprili ilikuja mawingu matupu. Tulikuwa na mbuzi kumi na mmoja, na kufikia mwezi wa nane alibaki jike mmoja mwekundu mwenye sikio moja jeusi, bado hajazaa. Nilikuwa naamka kabla ya jogoo kwenda kumgusa nione kama yuko na joto.

Shambani hakukuwa na jani. Hata ua wa boma ulikuwa umeliwa. Pa kulisha palibaki mahali pamoja tu, weu.

Weu ni ile nchi isiyo ya mtu. Kwa karatasi ni ardhi ya serikali. Wengine wanasema ni ya kaunti kanso, lile baraza la wilaya, lakini hakuna aliyewahi kumwona huyo kanso akija kuipalilia. Inaanzia chini ya kilima cha Iviani na kwenda mpaka macho yanachoka. Wakati wa ukoloni wazungu walikuja hapo wakachimba ulanga, yale mawe yanayong'aa na kubanduka kama karatasi. Ndambuki alichimba nao akiwa kijana, na kile kifua anachokohoa nacho alikitoa huko. Walichimba miaka tisa wakaondoka. Hawakufukia kitu. Waliacha mahandaki, mashimo, na vilima vya kifusi cheupe ambavyo mpaka leo havioti hata nyasi. Mvua ikinyesha kifusi kinateremka, kinalala juu ya udongo kama simiti, na maji yanapita juu yake mbio bila kuingia. Jua likirudi panapasuka vipande kama chungu kilichoanguka. Lakini mahali palipochimbwa maji yanakaa siku chache zaidi, na hapo migunga imenenepa kuliko kokote. Mwezi wa nane inaangusha maganda, na mbuzi wote waliobaki hai upande wetu walikuwa wanaishi kwa maganda hayo.

Watu walijua mahandaki yako wapi zamani, kwa sababu yalizungushiwa waya na nguzo za chuma. Njaa ya themanini na nne, ile tuliyoiita Nikwa Ngwete kwa kuwa watu walikuwa wanakufa na pesa mkononi bila cha kununua, tulizing'oa nguzo zote. Kila boma. Zizi langu mimi lina sita. Hatukuona kama ni kosa. Nguzo zilikuwa za serikali, na serikali haikuwa na mbuzi.

Alhamisi mchana nilikuwa huko weu na jirani yangu Kavutha. Yeye alikuwa na mbuzi watatu, na mdomo ambao hata njaa haikuupunguza.

"Mbula," akaniita, "huyo ni mbuzi ama ni bibi harusi? Naona unatembea nyuma yake kama msimamizi."

"Ni bibi harusi wa kurudi."

"Basi mlishe. Akifika kwa Bartholomew hivyo alivyo watasema umewarudishia kikapu."

"Wewe angalia vikapu vyako vitatu."

Nilikuwa sitaki kucheka lakini nilicheka. Mwiba ukanichoma kisiginoni, nikainama kuutoa, haikuchukua hata muda wa kusema Baba Yetu. Nilipoinua kichwa mbuzi hakuwepo. Kulikuwa na mgunga, maganda chini yake, na vumbi likipanda taratibu kutoka mahali ambapo sikuona moto wala upepo.

Kisha nikamsikia. Alikuwa analia chini ya ardhi.

Kavutha alikimbia mbele, na ukingo ukamkatikia. Alijitupa nyuma akaanguka na makalio, lakini kiatu chake kimoja cha akala kilienda, tukakisikia kikigonga chini. "Usikaribie!" akanipigia kelele. "Udongo unatiririka kama mtama!" Tukalala kwa tumbo tukachungulia kwa mbali. Lilikuwa handaki jembamba, kina cha watu wawili wakisimamiana mabegani. Mvua ya El Nino ilikuwa imekula kuta zake kwa ndani na kuacha kifuniko chembamba cha udongo na nyasi kavu. Mbuzi alikuwa amesimama chini, miguu ya nyuma imefukiwa nusu na udongo ulioanguka naye. Upande mmoja wa handaki kulikuwa na tundu jeusi linaloingia kilimani.

Kavutha akaniangalia. "Hapa palikuwa na nguzo," akasema.

"Najua."

"Mbili nilichukua mimi."

"Nyamaza, Kavutha. Nenda umwite Mutanu."

Mutanu alikuja akikimbia, kamba mbili begani na mlango wa zizi mgongoni, ule wa mbao. Baba yake alifuata juu ya punda, anakohoa kwa kila hatua ya mnyama. Mutanu hakupoteza wakati. Alilaza mlango kwenye ukingo, akalala juu yake kwa tumbo, akachungulia. Udongo ulimwagika kidogo tu. Akashusha maji kwa kopo la mafuta ya Kasuku, akatupa maganda. Halafu akashusha kitanzi kwa ncha ya mti mrefu, akajaribu mara nyingi sana, mpaka kikaingia shingoni mwa mbuzi, ili asiingie kwenye lile tundu na kupotea. Mwisho wa kamba tukaufunga kwenye mgunga.

"Sasa nishusheni," akasema.

"Hapana."

"Mwaitu, mimi ni mwepesi. Nitamfunga tumboni, mtamvuta."

"Mlango unakubeba ukiwa umelala. Tukisimama hapa tukivuta, ukingo wote unaingia. Utakuwa chini yake."

"Leo ni Alhamisi!"

"Najua leo ni siku gani."

"Hujui," akasema, na sauti yake ikapanda. "Wewe unajua kungoja tu. Ngoja mvua, ngoja mzee apone. Nilikwambia mwaka wa kwanza ukaniambia ngoja, labda atabadilika, ndipo nikaanza maneno ya mlango na punda. Mimi ndiye nitarudi kwa hiyo nyumba Jumamosi, si wewe!"

Ni kweli nilimwambia hivyo, mwaka wa kwanza. Nilichofanya ni kukalia ile kamba ya pili. Niliikunja, nikaiweka chini, nikaikalia, na mimi si mtu mwembamba. "Mbuzi huyo ni wa kunirudishia wewe," nikamwambia. "Sitakutupa shimoni kwa ajili yake." Akaenda kusimama mbali akinipa mgongo.

Ndambuki alikuwa bado juu ya punda, macho yake yenye ukungu yameelekea kilimani.

"Hili ni handaki la nne," akasema. "Lina mlango."

"Mlango gani, mzee?"

"Tulikuwa hatutoi kifusi kwa juu. Nani angeweza? Tulikuwa tunafuata mshipa wa ulanga ndani, halafu kutoka chini kwenye mteremko tunatoboa njia ya wilbaro tukutane nao. Lile tundu jeusi mnaloona ndiyo njia yenyewe. Imetokea huko chini." Akanyoosha fimbo. "Mvua imeziba mdomo, lakini njia iko. Nimeisukuma wilbaro hapo miaka mitatu."

Usiku huo sikulala. Nadhani hakuna aliyelala.

Ijumaa alfajiri wanawake wa mwethya wetu walikuja. Mwethya ni kikundi cha kusaidiana kazi, leo kwangu kesho kwako, na kwa kawaida tunakata matuta ya shamba tukiimba. Walikuja kumi na wawili, na majembe na makarai, na wengine hawakuwa wamekula tangu juzi. Hakuna aliyeimba. Kuimba kunataka mate.

Ndambuki alishuka kwenye punda, akashikwa mkono mpaka kwenye sakafu ya zege ambapo mashine ya wazungu ilikuwa imekaa. Kutoka hapo akahesabu hatua, arobaini na mbili kuelekea jua linapozama, akapiga fimbo chini. "Hapa."

Tulichimba hapo mpaka saa saba. Kifusi kilikuwa kikavu, kila karai moja tukitoa nusu inarudi. Vumbi lilitukaa kwenye nyusi na kung'aa, tukawa kama tumepakwa mafuta ya sherehe. Kila baada ya muda Mutanu alipanda kule juu kumpa mbuzi maji, nami nikawa nahesabu milio yake. Asubuhi alilia sana. Kufikia saa sita alikuwa analia mara moja moja, kama mtu anayejibu salamu asiyotaka.

Tukafikia mwamba. Mwamba mzima, haujawahi kuguswa.

"Mzee," Kavutha akasema, akitema vumbi, "njia yako ilipitia ndani ya jiwe? Mlikuwa malaika?"

Ndambuki alikaa chini. Nilimwona akiokota udongo na kuufikicha, akiokota mwingine. Nilijua anachofanya, maana mimi pia nilikuwa nikifikiria hivyo. Sakafu ya mashine haikusogea. Kilichosogea ni kilima. Mvua zote hizo, ya sitini na moja, na zile za katikati, na hii ya El Nino iliyonyesha miezi mitano, zilikuwa zimekiteremsha kifusi na kukipanga upya. Mteremko aliokuwa anaukumbuka haukuwepo tena. Alikuwa ametupeleka kwenye mlima wa mwaka hamsini na tatu, alipokuwa kijana wa wilbaro.

"Nimewachosha bure," akasema.

"Pumzika kwanza," nikamwambia.

"Sipumziki. Nyinyi sikilizeni." Akakohoa mpaka tukamshika mgongo. "Msitafute tundu. Tafuteni njia. Wilbaro ya chuma ikipita mahali pamoja miaka tisa imejaa mawe, pale chini panakuwa kama barabara. Mvua haiwezi kupalainisha. Kila mtu asimame hatua tatu kutoka kwa mwenzake, chimbeni mashimo madogo ya goti. Jembe likiimba, niiteni."

Tukajipanga kwenye mteremko kama watu wanaopanda mahindi. Mashimo ya goti. Mutanu alikuwa wa mwisho upande wa chini, na alikuwa anachimba kwa hasira, bila kunitazama. Jua lilikuwa limeshainama jembe lake lilipogonga kitu na kurudi juu mikononi mwake. Akapiga tena. Ndambuki aliusikia mlio kutoka alikokuwa amekaa, na sijamwona mzee yule akisimama haraka hivyo tangu nimjue. Alipiga magoti akapapasa kwa kiganja. Chini ya kifusi kulikuwa na ardhi nyeusi, ngumu, laini kama meza, na katikati yake mfereji mdogo wa gurudumu.

"Ni hii," akasema. "Ifuateni kilimani."

Tuliifuata hatua kumi kabla ya giza kutufukuza. Zilikuwa zimebaki kumi na tano nyingine au zaidi.

Jumamosi wanawake walirudi, sasa wakiwa tisa, wengine miili ilikataa. Mimi ilibidi nibaki nyumbani kuwapokea wageni. Walifika saa nne. Bartholomew alikuwa mbele, mzee mrefu mwenye koti la kanisani na fimbo iliyochongwa vizuri, na nyuma yake wazee wawili na Mwanzia. Mimi nikageuza uso. Kwetu mama mkwe na mkwe wana nthoni, ile heshima ya kuepukana. Akija kwa njia hii mimi napitia ile. Kwa miaka minne nilikuwa namjua Mwanzia kwa viatu na kwa mgongo.

"Habari ya hapa, Mama."

"Nzuri, Mzee Bartholomew. Karibuni. Maji ni haya, hakuna chai."

"Hakuna chai hata kwetu." Alikunywa. "Mbuzi?"

"Yuko weu."

"Tuliwaambia mvua si yetu. Sasa mnatupa na weu?"

"Weu ni ya wote, Mzee. Twendeni mumwone."

Njia nzima roho yangu ilikuwa inakimbia mbele yangu. Sikuwa najua kama tutamkuta hai. Tulipofika handakini nilimwona Mutanu amelala juu ya mlango, kopo mkononi, na kutoka chini nikasikia mlio mmoja, mdogo. Nikapumua.

Bartholomew alichungulia kwa mbali, akasimama akijipukuta magoti. Mwanzia akachungulia pia, akacheka.

"Baba, hii si mbuzi ya kukataa. Hii ni mbuzi ya kuzika. Wanatufanyia mchezo. Mutanu, chukua kikapu chako twende."

Mutanu alisimama. Katika mambo haya msichana hanyanyui sauti mbele ya wazee, na yeye hakuinyanyua. "Mzee Bartholomew," akasema, "naomba kuuliza. Mbuzi yuko hai ama amekufa?"

"Namsikia. Yuko hai."

"Alizaliwa zizi gani?"

"Hilo muulize mama yako."

"Zizi langu," nikasema. "Kavutha alikuwepo."

"Nilimkata kitovu mimi," akasema Kavutha, ambaye alikuwa amepanda kutoka kule chini na jembe begani. Wanawake wengine walikuwa nyuma yake, weupe wote kwa vumbi.

"Mtoto wangu," Bartholomew akasema, na akalisema kwa upole, "hata akiwa hai, mbuzi anapokelewa kwa kamba mkononi."

Sijui nani alinisukuma. Nilienda kwenye mgunga, nikafungua kamba, nikampelekea Bartholomew nimeishika kwa mikono miwili. Upande mwingine ulikuwa umeshuka shimoni.

"Kamba ni hii, Mzee. Na mwisho wake kuna mbuzi."

Wanawake wakaguna. Bartholomew aliiangalia kamba, akaniangalia mimi, na nikaona anataka kutabasamu na anakataa. "Mama, nikiondoka hapa naondoka na nini? Na kamba ya kuanika nguo?" Watu wakacheka, na yeye akafurahi kuwa wamecheka. Akanyoosha kiganja kikiwa wazi kabisa, kama mtu anayepima kama kunanyunya. "Haya, weka. Watu wote waone. Umeweka. Mimi sijashika. Kamba imelala tu, kama iliyolala juu ya tawi. Mkimtoa kabla jua halijazama nitafunga vidole. Msipomtoa, tunaenda na mke wetu."

Ilikuwa haki, na ilikuwa haitoshi. Kulikuwa na hatua kumi za kifusi na wanawake tisa wenye njaa.

Nadhani ni uzito wa watu. Tulikuwa tumesogea wote kuona kile kiganja, na kila mtu alikuwa amelikaribia shimo bila kujua. Ukingo wa pembeni yetu ukakatika, kipande kikubwa kama kitanda. Kikaanguka ndani kwa mshindo, vumbi likaruka, na mbuzi kule chini akapata nguvu ambazo hatukujua bado anazo. Alijing'oa akakimbilia lile tundu jeusi. Kamba ikaanza kukimbia juu ya kiganja cha Bartholomew.

"Shika, baba!" Mwanzia akapiga kelele. "Shika!"

Na Bartholomew akashika. Mzee aliyefuga mbuzi tangu akiwa uchi, kamba ikikimbia mkononi mwake hahitaji kuuliza kichwa. Alifunga vidole vyote kumi, akachimba visigino chini, koti likampanda mpaka kwapani, akavuta. Kamba ikakaza. Kule ndani mbuzi akasimama, akalia.

Vumbi likaanza kukaa.

"Ameshika," akasema Kavutha.

Bartholomew aliangalia mikono yake. Ningeelewa kama angeiachilia hapo hapo na kusema ilikuwa bahati mbaya. Wengi wangefanya hivyo. Alibaki amekaza kamba, anahema.

"Nimeshika," akasema.

"Baba, hiyo si kupokea!" Mwanzia akasogea. "Umeshika kwa sababu ilikuwa inateleza. Mtu yeyote angeshika!"

"Wewe ndiye umeniambia nishike. Si mke wako. Si mama yake. Wewe, mbele ya watu hawa wote." Akageukia wale wazee wawili. Mmoja alikuwa anakuna kidevu. Mwingine akasema taratibu kwamba yeye amesikia, na kwamba amechoka, na mbuzi ni mbuzi.

Hapo ndipo nilipogeuka nikamtazama Mwanzia usoni. Sikuwa na sababu tena ya kutomtazama. Nilikuwa nimengoja kuona kitu kikubwa. Ulikuwa uso wa kijana tu, na ulanga kidogo uling'aa kwenye nyusi zake, na hakujua aweke macho yake wapi. Alitazama chini kabla yangu.

"Sasa," Bartholomew akasema, "mbuzi ni wetu, na yuko ndani ya mlima. Mzee Ndambuki, hiyo njia yako iko wapi? Mwanzia, vua shati."

Wanawake hawakuondoka, ingawa kazi haikuwa yao tena. Walikaa kwenye kivuli cha mgunga wakitazama wanaume wakichimba, na Kavutha akawa anawaelekeza. "Karai lijae, wewe mchongaji! Hapo unalamba!" Ndambuki alikaa mdomoni mwa njia, anagusa sakafu ya wilbaro kila walipoifunua, akisema kushoto kidogo, nyoosha, hapo. Mutanu hakukaa. Alizunguka kutoka kule juu, ambapo mzee mmoja alikuwa amebaki ameshika kamba, mpaka huku chini, na kurudi, na kurudi tena. Hata mimi miguu ilikataa kutulia. Nilikuwa najiambia mbuzi si wetu, akifa sasa ni hasara yao, lakini sikujiamini. Nani ajuaye, akitoka amekufa huenda Mwanzia akaanza maneno upya na kuyapeleka mpaka kwa wazee wote wa Wamunyu.

Ilipofika saa tisa na nusu jembe la Mwanzia likaingia kwenye uwazi mpaka mpini. Hewa ikatoka, baridi. Akapanua kwa mikono. Mzee wa juu akaambiwa aachie kamba, na Bartholomew mwenyewe akaingia kwa magoti na koti lake la kanisani, akatoka nyuma nyuma, na mbuzi akatoka naye. Alikuwa mweupe mwili mzima. Alisimama kwa miguu minne, akapiga chafya.

Bartholomew akamfungua kitanzi, akamfunga upya vizuri, akampa Mwanzia kamba. Aliniaga mimi na Ndambuki kwa heshima, akisema yale mengine ya ng'ombe tutayaongea mvua ikija. Halafu wakaanza safari.

Mbuzi alikataa. Alienda hatua sita, akaangalia upande wa bomani kwetu, akalala chini. Mwanzia akavuta. Shingo ikarefuka lakini mwili ukabaki hapo hapo. Akavuta tena. Alikuwa amechoka, mikono imechubuka, watu wote wanamtazama. Akainua fimbo.

"Usiipige," akasema Mutanu.

Hakusema kwa nguvu. Mwanzia akasimama na fimbo juu.

"Ukiipiga italala mpaka kesho. Legeza kamba. Tembea mbele, usiiangalie. Itakufuata ikitaka."

Fimbo ilikaa juu kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Halafu ikashuka. Akalegeza kamba, akatugeuzia mgongo, akaanza kutembea polepole kama mtu anayeogopa kumwaga kitu. Kamba ikajinyoosha kwenye vumbi mpaka ikakaribia kuisha. Mbuzi akainuka, akajikung'uta, ulanga ukaruka juani, akamfuata.

Mutanu aliwatazama mpaka wakapotea nyuma ya kilima cha kifusi. Kisha akaniuliza kama kuna maji yamebaki mtungini, nikamwambia yako, akanywa akiwa amesimama, na yaliyobaki akampelekea baba yake.